Mume wangu anataka tuuze nyumba, anasema unyakuo umekaribia

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe hapa Mwanza. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua wabichi mwaloni alfajiri, nawaanika, magunia yakitosha napeleka Kirumba. Mume wangu ni mvuvi. Tulifunga ndoa kanisani miaka 17 iliyopita na sina la kumsema: hanywi, hanipigi, na hela ya ziwani siku zote ilikuwa inafika nyumbani.

Mwaka juzi mdogo wake alizama usiku wa dhoruba, hatujampata hadi leo. Baada ya hapo mume wangu akawa mtu wa maombi sana, nikashukuru nikijua ndiyo faraja yake. Ila tangu mwaka jana anasali na kikundi kinachokutana usiku nyumbani kwa mtumishi mmoja. Pale ukutani kuna ubao, na mtumishi anawapigia hesabu. Mtini wa Mathayo 24 ni Israeli. Israeli ilichipua 1948. Kizazi ni miaka 80 kwa Zaburi ya 90. Jumlisha, unapata 2028, na unyakuo, yaani waamini kuchukuliwa mbinguni, lazima uwe kabla ya hapo. Maji ya ziwa yakipanda ni ishara, vita ni ishara, hata kitambulisho cha NIDA ni maandalizi ya chapa ya mnyama. Mume wangu chake amekificha darini.

Mwezi wa tatu aliuza injini ya mtumbwi, nusu ya fedha akaipeleka madhabahuni. Vijana wanne waliokuwa wanakwenda naye ziwani kipindi cha giza sasa wanashinda kijiweni, na mmoja mkewe ni mjamzito. Sasa anataka tuuze nyumba tunayoishi, vyumba vitatu tulivyojenga kidogo kidogo kwa dagaa na mikopo yangu ya VICOBA, tupange chumba kimoja tukingoja. Nikikataa ananiita mke wa Lutu, yule wa Biblia aliyegeuka nyuma akawa nguzo ya chumvi.

Siku ya Pasaka ndugu walikuja, sato wakapoa mezani kwa ubishi. Mama mkwe ni Msabato kutoka Majita. Alisema hakuna unyakuo wa siri, kila jicho litamwona Bwana. Kaka yangu ni katekista Bukumbi. Alisema ile miaka 1000 ya Ufunuo ndiyo hii tuliyomo, wakati wa Kanisa. Mume wangu akasema wote wawili wataachwa. Kila mmoja ana mistari yake, nami sikusoma sana.

Linaloniuma kuliko yote ni binti yangu Neema, yuko darasa la saba. Jioni moja nilitoka mara moja kuomba chumvi kwa jirani, nikaacha uji jikoni. Neema akarudi kutoka bombani, akakuta uji unatokota, kitenge changu kimeanguka mlangoni, na hakuna mtu. Nilimkuta amekaa chini, ndoo imemwagika, analia kwamba tumenyakuliwa, yeye kaachwa. Tangu siku hiyo usiku anakuja kitandani kwangu taratibu, ananigusa mguu, akiona nipo anarudi kulala.

Mama, kati yao nani ana ukweli? Na nikikataa kuuza nyumba, namkataa Mungu?

Mama Neema (jina tumelibadilisha), Igombe


Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja.

Nianze na nyumba, maana mnunuzi anaweza kuja kesho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haigawiwi wala haiwekwi rehani na mmoja wenu bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni lake peke yake. Kama mna hati, sheria inakuruhusu kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Kama hamna, chukua cheti cha ndoa uende kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya wiki hii kwisha, umwambie kwa mdomo na kwa barua kwamba hujaridhia mauzo yoyote, na nakala yako igongwe mhuri. Ukikwama, ulizia msaidizi wa kisheria wa kata yenu. Kufanya hivi si kumshtaki mumeo. Unalinda paa la watoto, lake likiwa humo humo.

Na hapana, humkatai Mungu. Uniruhusu nikueleze kwa kirefu, kwa sababu nimefundisha Maarifa ya Biblia sekondari mpaka nikastaafu, na hili somo ndilo lililokuwa linagawanya darasa langu kila mwaka.

Hao waliobishana mezani kwako hawakuanza wao. Ukanda wetu ulipokea Injili kwa mikono mingi. Mapadre wa White Fathers walifika Bukumbi mwaka 1883, Wasabato kutoka Ujerumani wakafika pwani ya mashariki ya ziwa kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na kila mmoja alikuja na namna yake ya kusoma Danieli na Ufunuo. Ndiyo maana leo ukoo mmoja unakula sahani moja na kusubiri mwisho kwa namna tatu.

Mumeo hakuota neno unyakuo. Limo katika 1 Wathesalonike 4:17, "tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu." Hilo hakuna Mkristo anayelifuta. Ila ule mpangilio wa ubaoni, kwamba waamini watachukuliwa kwanza kwa siri, kisha dhiki ya miaka saba, kisha Bwana arudi tena waziwazi, ulienezwa na mhubiri John Nelson Darby huko Ireland na Uingereza kuanzia miaka ya 1830. Ukaja kusambaa duniani kwa Biblia ya Scofield iliyochapwa Marekani mwaka 1909, ambayo maelezo yake yaliwekwa chini ya ukurasa uleule wa Maandiko. Msomaji alishuka kutoka mstari hadi maelezo bila kujua amevuka mpaka. Wako watu wacha Mungu wanaoamini hivyo, nami nawaheshimu. Lakini mtu akikwambia asiyeamini hivyo ataachwa, ujue amewaacha nje Wakristo wa karne 18, pamoja na mitume wenyewe kama hatuna hakika walisoma hivyo.

Mama mkwe wako ana historia yenye kidonda. Mkulima wa Marekani, William Miller, alizichukua siku 2300 za Danieli 8:14 akazihesabu kuwa miaka, na wafuasi wake mwishowe wakaitaja tarehe: Oktoba 22, 1844. Wako walioacha mazao yaoze shambani, maana kuvuna kungeonyesha hawaamini. Usiku ukapita. Asubuhi jua likachomoza kama kawaida, watu wakalia mpaka wakaishiwa machozi. Baadhi yao walirudi kwenye Maandiko wakasema tarehe ilihusu patakatifu pa mbinguni, si kurudi kwa Bwana duniani, na kutoka kwao likaundwa Kanisa la Waadventista Wasabato mwaka 1863. Unaweza kukubaliana na tafsiri hiyo au usikubaliane. Lakini tangu hapo kanisa hilo halitaji tena siku ya Bwana kurudi. Huyo mama ni mtoto wa watu walioungua moto wakajua ladha yake. Mumeo angemuuliza habari za 1844 badala ya kumwambia ataachwa, angejifunza kitu kutoka kwa mama yake mzazi.

Kaka yako katekista anamfuata Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa upande wa kaskazini, aliyefariki mwaka 430. Yeye alisoma miaka 1000 ya Ufunuo 20 kama picha ya wakati wote wa Kanisa, na Wakatoliki, Walutheri na wengine wengi wamesoma hivyo hadi leo. Wapo pia wanaosema sehemu kubwa ya Mathayo 24 ilitimia mwaka 70, jeshi la Warumi lilipoibomoa Yerusalemu na hekalu lake, na kwamba 666 ni jina la Kaisari Nero likihesabiwa kwa herufi za Kiebrania. Hawa hawakuwepo mezani kwenu, nawataja tu ujue meza ni pana.

Unaniuliza nani ana ukweli. Kwa ile miaka 1000 nafikiri kaka yako amekaribia zaidi, na kwa unyakuo wa siri namuunga mkono mama mkwe. Huo ni usomaji wangu, sikulazimishi. Ninachokuhakikishia ni hiki: wote watatu wanaamini lililomo katika imani ya Nikea, ungamo la kale la Wakristo, kwamba atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu. Waliyoshikana mashati ni mpangilio wa safari. Msafara wenyewe wanaungoja pamoja.

Mtumishi wa ubao nina neno naye. Mtini ni Israeli, anasema. Basi afungue Luka 21:29, mfano uleule, Bwana anasema, "Utazameni mtini na miti mingine yote." Kama mtini ni Israeli, hiyo miti mingine yote ni nchi gani? Bwana alikuwa anaonyesha jinsi majani yanavyotangaza kiangazi, mtini kama mwembe wa uwanjani kwako. Na hiyo hesabu ya 1948 ina umri. Mwanzoni kizazi kilikuwa miaka 40, ikatoka 1988, na Mmarekani Edgar Whisenant akaandika kijitabu chenye sababu 88 za unyakuo kuwa Septemba ya mwaka huo. Haukuwa. Ikasemwa miaka 70, yaani 2018, nayo ikapita. Sasa ni 80. Kizazi kinarefushwa kila hesabu inapokwama, na mwenye kukirefusha huwa haombi radhi kwa walioamini kile kifupi.

Mei 21, 2011 mhubiri wa redio wa Marekani, Harold Camping, alitangaza kuwa siku ya unyakuo. Ninaikumbuka kwa sababu hapa Mwanza Mei 21 ina maana yake. Siku hiyo ilikuwa miaka 15 kamili tangu MV Bukoba izame mwaka 1996. Kule watu walikuwa wanaangalia saa, huku wengine walikuwa wanakumbuka wao waliolala kwenye makaburi ya Igoma. Camping akasogeza hadi Oktoba, Oktoba nayo ikapita, na mwaka uliofuata akakiri kwa maandishi kwamba alikosea. Nampa heshima kwa kukiri. Waliokwisha kutoa akiba zao hawakurudishiwa kwa barua hiyo.

Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2020, kweli, yakaingia kwenye nyumba za watu. Yalipanda hivyohivyo kuanzia mvua kubwa za 1961 hadi 1964. Muulizeni mzee yeyote wa Igombe. Na NIDA: Ufunuo 13 unaiweka chapa pamoja na kumsujudia mnyama. Ulipobonyeza kidole kusajili laini ya simu ulimsujudia nani? Mwambie mumeo akishushe kitambulisho darini, asije akakihitaji hospitali kikiwa kimeliwa na panya.

Kuhusu mke wa Lutu, naumia mtu akimtupia mkewe jina hilo. Lutu na nyumba yake waliambiwa watoke na malaika waliowashika mikono. Hawakuambiwa wauze Sodoma wapeleke nusu ya fedha kwa malaika.

Nikupe kisa kingine cha Biblia, ukamsomee mumeo kwa sauti ya upole, Yeremia sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji. Nabii mwenyewe yuko kifungoni, na ndiye aliyetabiri kwamba mji utaanguka, yaani kama ni kujua yajayo, yeye alijua kwa kweli. Binamu yake anamjia na shamba la Anathothi. Yeremia anafanya nini? Ananunua. Anapima shekeli 17 za fedha, anaita mashahidi, anatia sahihi, na hati inawekwa ndani ya chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Kwa sababu Bwana alisema nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwepo nabii mwingine, Hanania, sura ya 28, aliyetaja muda: miaka miwili tu. Hanania aliwatumainisha watu maneno ya uongo. Yeremia ndiye aliyekuwa mkweli, na mkweli ndiye aliyenunua shamba. Kisha fungueni Luka 19:13, bwana anawaachia watumishi fedha, anawaambia, "Fanyeni biashara hata nitakapokuja." Wewe na magunia yako ya dagaa umo humo.

Nikutahadharishe jambo moja bila kukutisha. Kanungu, Uganda, watu walielezwa dunia ingekwisha na mwaka 1999, wakauza mali wakapeleka kwa viongozi wao, na Machi 17, 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu waliofundishwa kufunga kula hadi wafe ili wamwone Yesu. Sisemi mtumishi wenu yuko huko. Lakini siku utakaposikia anawakataza watoto shule, au wagonjwa hospitali, au chakula, au anawataka mhamie mahali pa peke yenu, usingoje ushauri wangu. Chukua watoto, nenda kwa ndugu, toa taarifa polisi na ustawi wa jamii.

Sasa nirudi kwenye mstari mmoja wa barua yako. Uliuandika upesi ukaupita: mdogo wake alizama, hatujampata hadi leo. Mwanangu, mimi hapo ndipo nilipokaa. Mumeo alikwenda kwenye ule ubao akiwa na maiti ambayo ziwa halikuirudisha. Hakuna kaburi la kupalilia. Matanga yalianuliwa vipi? Kila akisukuma mtumbwi usiku wa giza anapita juu ya mdogo wake. Mimi sishangai kwamba mtu huyo ameuza injini. Hata bila mtumishi, huenda angeiuza.

Na angalia sasa ule mstari wa unyakuo umeandikwa kwa ajili ya nani. Rudi nyuma hadi aya ya 13: "Lakini, ndugu, hatutaki msijue habari zao waliolala mauti, msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Watu wa Thesalonike walikuwa wamefiwa. Walihofu kwamba wapendwa wao waliotangulia wangekosa siku ya Bwana. Paulo akawajibu kwamba waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, kisha ndipo sisi tulio hai tuunganishwe nao. Neno kubwa pale ni "pamoja nao". Na akafunga hivi: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Ni barua ya msibani. Mtu ameichukua barua ya msibani akaifanya saa ya kutishia watoto. Tena waraka wa pili kwa watu haohao unawaonya wasitishwe na anayesema siku ya Bwana imekwisha kuwapo, na unawakemea walioacha kazi.

Kwa hiyo usimjadili mumeo kwa hesabu. Utashindwa, na hata ukishinda umempokonya kamba aliyoishikilia. Mwombe mketi jioni moja, watoto wakiwa wamelala, umuulize habari za mdogo wake. Jinsi alivyokuwa mdogo, nani alimfundisha kushona nyavu, usiku ule yeye mwenyewe alikuwa wapi. Nyamaza usikie. Msomee Ufunuo 20:13, "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Kisha mwite mchungaji wenu wa zamani aliyewafungisha ndoa, pamoja na mama mkwe na kaka yako, mfanye ibada ya kumuaga marehemu pale mwaloni, na muweke msalaba wenye jina lake mahali mtakapoweza kupalilia. Katika ibada hiyo ubishi wa Pasaka marufuku.

Injini itachukua muda. Zungumzeni na yule kijana mwenye mke mjamzito, huenda mwenye mtumbwi mwingine atawachukua wote wanne kwa kipindi cha giza kijacho, na mumeo akienda hata kama mtu wa kuvuta nyavu tu, mwache aende.

Neema usimwambie kwamba hayo mambo ni uongo, maana anayasikia kwa baba yake. Mwambie maneno mawili. La kwanza, Yesu anayekuja ni yuleyule aliyesema waacheni watoto wadogo waje kwangu, hawezi kuja kwa kumvizia. La pili, siku hiyo ikifika, wafu wetu watatangulia, na baba mdogo atakuwa mbele. Akija usiku kukugusa mguu, usijifanye umelala. Mpishe alale hapo hadi asubuhi, kwa siku zote atakazohitaji. Na ukitoka kuomba chumvi, mwite kwanza kwa sauti, akusikie hata bombani, umwambie unakwenda kwa nani.